Sensa kwa Fundi Asiyesikia

Sauti ya kwanza kumpotea mwanangu ilikuwa ya mbu. Alikuwa amelala chumba cha nyuma nyumbani kwetu Mpumudde, akiugua kifua kikuu kile sugu ambacho vidonge vya kawaida havikiwezi, na kila siku alidungwa sindano. Asubuhi moja alimwambia mama yake kwamba mbu wamepungua siku hizi. Mama yake akaitazama mikono ya mwanawe iliyojaa alama za kuumwa.

Madaktari walikuwa wametueleza mapema, tena kwa upole, kwamba dawa ile huweza kuokoa roho na kuchukua masikio. Walituuliza, tukakubali, na yeye mwenyewe ndiye aliyetangulia kukubali. Kwa hiyo sina mtu wa kumlaumu, wala sijamtafuta.

Baada ya mbu ukaondoka mlio wa simu, kisha sauti za watoto wa jirani, kisha ya mama yake. Yangu ilidumu zaidi kwa kuwa ni nzito. Mwisho kabisa zilibaki injini. Alikuwa akiketi kibarazani, lori likipita anasema, "Hilo nozeli yake moja ya mafuta imekufa," nami namshukuru Mwenyezi Mungu moyoni. Kisha siku moja lori likapita, na yeye akaendelea kutazama kuku.

Alipona. Tulionyeshwa picha ya kifua chake, kifua safi, nikasujudu pale pale kwenye sakafu ya zahanati na watu wakanipisha. Naliandika hili kabla ya mengine kwa sababu yanayofuata yana huzuni, na sipendi anayesoma adhani kwamba nimeisahau neema.

Kabla ya ugonjwa alikuwa fundi wa kutuni injini kule Mbale, katika gereji ndogo kando ya mto Namatala aliyoianzisha na mwenzake mmoja. Kutuni, kama alivyonieleza, ni kuipangia injini kiasi cha mafuta na wakati wa kuyachoma, ili iwe na nguvu bila kujiunguza. Wenye pesa nyingi hupeleka magari yao penye mitambo. Wengine walimletea yeye. Aliweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini na mpini wake sikioni, akafumba macho, na wateja waliomzunguka wakanyamaza kama watu wanaosubiri khutba ianze. Mimi nimefundisha watoto Kurani karibu maisha yangu yote na nimesikia wasomaji wengi wazuri, lakini sijaona mtu anayesikiliza kama alivyosikiliza mwanangu.

Alipopata nguvu ya kutembea, alinijia barazani na simu mkononi. Kuzungumza alizungumza vizuri, ila kwa sauti ya juu kidogo, kama mtu aliye chumba kingine.

"Baba, kuna sensa ya oksijeni. Si ile ndogo ya kawaida. Hii wanaiita waidibendi."

Nilichukua ubao mdogo wa madrasa na chaki. Ndivyo tulivyozungumza mambo marefu. Mafupi aliyasoma midomoni mwangu. Nikaandika: *Inafanya nini?*

"Inakaa kwenye ekzosi, lile bomba la moshi, inapima oksijeni iliyobaki kwenye moshi. Halafu geji inaonyesha namba. Hewa kiasi gani kwa mafuta kiasi gani. Zamani sikio ndilo liliniambia. Sasa nitaona kwa macho."

Kisha akasema jambo ambalo lilinikaa kifuani. Kulikuwa na gari moja ambalo mwenyewe amekataa fundi mwingine asiliguse tangu yeye augue. Atalituni hilo kwa sensa, peke yake, mwanzo hadi mwisho. Akiweza, anarudi gereji. Akishindwa, anaukabidhi ufunguo wa gereji kwa mwenzake na hatarudi tena.

Mwenye gari hilo alikuwa Mkenya, muuza vipuri katika barabara kuu pale Bugembe, mcha Mungu kwa dini yake na mwenye maneno mengi. Tulipofika dukani kwake alimfungulia mikono mwanangu, ambaye alizoea kumwita daktari wa magari.

"Daktari! Daktari amefufuka! Karibu, karibu sana! Mwalimu, shikamoo!"

"Marahaba. Usipige kelele, hasikii."

"Najua hasikii. Lakini nikinong'ona naona kama namsengenya."

Mwanangu alimsoma midomo akatabasamu. Midomo ya Kiswahili aliisoma vizuri kwa sababu ndiyo lugha ya nyumbani kwetu. Majirani walitutania tangu zamani kwamba tunaishi kama kambini, maana huku Kiswahili ni lugha ya jeshi, wakimwita mama yake afande. Midomo ya Kimasaba na ya Kiganda, ambayo ndiyo ya wateja wake wa Mbale, ilimpita kama maji.

Muuza duka akapanga vitu juu ya kaunta. Cha kwanza kilikuwa sensa ya kawaida, ile inayokuja na magari yote. Mwanangu aliisogeza pembeni. Hiyo, alisema, inajua mambo mawili tu, mafuta yamezidi au yamepungua. Haijui ni kwa kiasi gani.

"Kama mke wangu," alisema muuza duka. "Chakula kimezidi chumvi au hakina chumvi. Hakuna katikati."

Ya pili ilikuwa waidibendi iliyotumika, imetolewa kwenye gari la Kijapani lililopata ajali. Mwanangu aliigeuza kwenye mwanga. Kichwani ilikuwa na ukungu mweupe. Akanionyesha. Mafundi wa huku hufunga kila kitu kwa gundi ya silikoni, akasema, kifuniko cha injini, bomba la maji, kila mahali. Mvuke wa silikoni hiyo hupita kwenye moshi na kuipaka sensa.

"Hii imepofuka," alisema, akaiweka chini taratibu, karibu na ukingo wa kaunta, mbali na zile nyingine.

Zilibaki mbili, zote mpya na geji zake. Muuza duka aliipenda moja kuliko nyingine, akaisifia huku akilipapasa boksi lake.

"Hii ndiyo yenyewe, Daktari. Mafuta yakipungua kwenye injini, hata kama huangalii, yenyewe inakuita. Inalia piii! piii! Huwezi kukosa..."

Akajiziba mdomo kwa kiganja. Macho yake yalinijia mimi, yakiniomba nimsaidie. Mwanangu alikuwa ameyasoma yote. Akacheka, na ilikuwa mara ya kwanza kucheka hivyo tangu sindano zianze.

"Hiyo mpe Baba," alisema. "Itamwamsha alfajiri."

Lakini hakuikataa kwa ajili ya mlio. Alinieleza, kwa subira ile ile niliyotumia kumfundisha alifu na bee, kwamba sensa ya boksi lile ni ya aina ya zamani: kila baada ya muda lazima uitoe na kuionjesha hewa safi ya nje, ili ikumbuke hewa halisi ikoje, ndipo ipime vizuri. Akanyoosha mkono kuelekea nje ya mlango. Malori yalikuwa yamepanga foleni yakitoa moshi, mama wa chapati alikuwa akipepea jiko, na nyuma ya duka mtu alichoma takataka.

"Hewa safi nitaitoa wapi hapa?"

Ile ya mwisho haikuhitaji hivyo. Kiwandani walishaipima na kuiwekea kipimo chake ndani ya kiunganishi cha waya. Geji yake ilikuwa na namba kubwa na duara la taa, na waya wa kuipeleka kwenye kompyuta. Na sensa yenyewe ni ya aina inayowekwa kwenye magari mengi, kwa hiyo ikifa itapatikana nyingine. Aliuliza swali moja moja, akasubiri nimwandikie jibu la muuza duka, akauliza tena. Tulikaa pale hadi karibu na adhuhuri. Nilikuwa nikimtazama na kufikiri jinsi tulivyomtafutia mwalimu wake wa kwanza wa ufundi mimi na mama yake: hatukumtafuta mwenye sauti kubwa, tulimtafuta asiyekosea.

Waliifunga nyuma ya duka. Mchomeleaji wa jirani alichomelea nati ya kuishika sensa kwenye ekzosi, na mwanangu akasimama juu yake akisisitiza ielekee juu, ili maji ya mvuke yasilale kwenye sensa yakaivunja ikiwa ya moto. Silikoni aliikataza kabisa. Badala yake alikata gasketi kwa mkasi. Akaniambia kwamba sensa hii isiachwe ndani ya ekzosi bila umeme huku injini inawaka, maana masizi yataiua. Nilisikia maneno hayo yote kama masharti ya ibada, na yeye aliyasema hivyo.

Injini ilipowashwa, namba zilikimbia, zikapanda, zikashuka, zikatulia kwenye kumi na nne nukta saba, sehemu za hewa kwa sehemu moja ya mafuta. Aligusa kioo cha geji kwa kidole.

"Linaongea," alisema.

Nilikwenda mbele ya duka nikafuta macho.

Jumamosi tukaondoka kwenda Mbale. Mwenye gari aliendesha. Mwanangu alikaa mbele, kompyuta mapajani na geji mbele yake. Mimi nilikaa nyuma na ubao wangu. Hakuniomba nije kwa kazi yoyote. Mimi ndiye niliyetaka niwepo.

Baada ya Iganga tulichukua barabara ya Tirinyi, ambayo imenyooka na ni tambarare, mashamba ya mpunga huku na huku. Pale ndipo kazi ilipoanza. Mwenye gari alikanyaga mafuta, mwanangu akatazama namba, wakasimama pembeni, akabonyeza vitufe vya kompyuta, wakaondoka tena. Injini ikibebeshwa mzigo inataka mafuta zaidi, namba ishuke hadi kumi na moja na nusu au kumi na mbili, alinieleza, na kila tuliposimama ilikuwa imekaribia zaidi pale alipotaka.

"Inavuta hii gari!" alipiga kelele mwenye gari. "Mwalimu, unasikia inavyovuta? Daktari wetu amerudi!"

Mwanangu hakuyaona maneno hayo. Macho yake yalikuwa kwenye geji. Lakini nilimwona mgongoni, jinsi mabega yalivyokaa. Yalikaa kama zamani.

Mbele ya daraja la kinamasi barabara ilikuwa tupu. Mwenye gari akakanyaga hadi mwisho. Na mle ndani ya mngurumo nikasikia kitu kidogo, kama mahindi yanapoanza kupasuka kwenye sufuria iliyofunikwa. Nilidhani ni kokoto. Kikaja tena. Nilimgusa mwanangu bega.

Akatazama geji. "Namba nzuri, Baba."

Nikamgusa tena. Akaniinulia kidole gumba bila kugeuka. Namba ilikuwa nzuri kweli. Hata mimi niliiona, kumi na moja nukta nane, imetulia kama imeandikwa kwa wino. Nikachukua chaki, nikaandika INAGONGA, nikauweka ubao mbele ya uso wake.

Alisoma. Akaweka kiganja juu ya dashibodi, akakibandika sana, kama mama anayemgusa mtoto mwenye homa. Akasubiri. Sijui alisubiri nini kifike mkononi. Hakikufika.

"Achia mafuta," alisema. "Simama."

"Ni kokoto tu!" alisema mwenye gari. "Mimi sisikii kitu!"

"Baba amesikia. Simama."

Alizitoa plagi zikiwa za moto, kwa kitambaa, akazipanga kwenye mfuniko wa injini. Kaure yake nyeupe ilikuwa na vidoa vidogo sana, kana kwamba mtu amenyunyiza pilipili manga, na baadhi viling'aa rangi ya fedha.

"Hizo ni chembe za pistoni," alisema. "Zimeanza kutoka."

Akafungua mfuniko wa tangi, akanusa, akamtazama mwenye gari. Yule bwana akaangalia viatu vyake. Mafuta yalikuwa ya jerikeni, ameletewa na dereva rafiki yake kutoka mpakani. Kila mtu katika barabara hii hununua mafuta ya jerikeni siku moja au nyingine, na kila mtu anajua kwamba huchanganywa na mafuta ya taa.

"Sensa haikukosea," mwanangu aliniambia, kana kwamba mimi ndiye niliyeishtaki. "Yenyewe inahesabu hewa. Haijui ni mafuta gani yamewekwa. Mafuta mabaya yanajilipukia kabla ya wakati, na hilo halionekani kwenye namba. Hilo linasikika."

Alifuta plagi moja, akairudisha mahali pake.

"Zamani ningejua kabla hatujatoka Bugembe."

Alirudisha nyuma wakati wa cheche kwa kompyuta ili injini isigonge, tukaenda polepole. Mwenye gari alijaribu kutuchangamsha. Alisema kuna kifaa kingine kinachosikiliza kugonga huko kwa injini na kuwasha taa, yeye atakiagiza wiki hiyo hiyo. Nilimwandikia mwanangu. Akatikisa kichwa. Kifaa hicho, alisema, lazima fundi akipangie kwanza kwa sikio lake mwenyewe: hapa ni mngurumo wa kawaida, hapa ni kugonga. Aliyepoteza sikio hawezi kukifundisha kusikia.

Nikaandika: *Nitakaa nyuma ya kila gari. Mimi nitasikia.*

Alisoma ubao kwa muda mrefu kuliko urefu wa maneno.

"Baba, simu yako ikilia nyumbani, ni nani anayekwambia?"

Nilifuta ubao. Ni mama yake anayeniambia. Kwa miezi kadhaa sasa ndiye anayeniletea simu mkononi na kusema, mbona hupokei.

Gereji ya Namatala ilikuwa wazi. Mwenzake, Mgisu mmoja mnene na mcheshi, aliacha spana zake akamkumbatia hadi miguu ikaachana na ardhi. Wakamwaga mafuta yale, wakaweka mengine kutoka kituoni, wakafanya kazi pamoja, mmoja macho kwenye geji, mwingine bisibisi sikioni. Alasiri ilipokaribia gari lilikuwa zuri. Mwenye gari alizunguka nalo mtaani akarudi akipiga honi, akaaga kwenda kuwaona wateja wake mjini.

"Si unaona?" alisema mwenzake, akimtazama usoni ili asomwe, kwa Kiswahili chake cha huku. "Tufanye hivi hivi. Wewe macho, mimi sikio. Gereji inaendelea."

Mwanangu alitoa ufunguo mfukoni.

"Na siku ambayo wewe umekwenda msibani, mteja akija? Mtu ana gari moja, ndilo linalosomesha watoto wake. Analiacha kwangu. Mimi naliunguza huku natazama namba nzuri." Akamtia ufunguo mkononi. "Ni amana ile. Leo tumeliokoa hili kwa sababu mzee alikuwa amekaa nyuma."

Neno hilo, amana, nilimfundisha mimi. Alikuwa mdogo, amekaa safu ya mbele ya madrasa, na nilimweleza kwamba kitu cha mtu kikiwa mikononi mwako unakilinda kuliko chako. Nilikuwa na maneno mengi ya kumzuia, na kila neno lilipotaka kutoka lilikutana na hilo.

"Utakuja siku nyingine kuangalia namba?" aliuliza mwenzake.

"Nitakuja ukiniita."

"Nikikuita utasikia?"

Walicheka wote wawili, wakacheka sana, kisha yule Mgisu akageuka upande akashughulika na kitambaa kichafu.

"Andika," mwanangu alisema. "Ukiandika nitakuja."

Bisibisi ile ndefu aliiacha juu ya meza. Kompyuta aliifunga kwenye mfuko wake. Sensa ilibaki kwenye gari, ya mwenye gari, inafanya kazi hadi leo, na nimeambiwa kwamba hupima vizuri.

Tulitandaza maboksi yaliyofunuliwa kwenye kona safi ya gereji tukaswali alasiri. Mimi nilitangulia kama imamu, naye akasimama kulia kwangu. Swala ya alasiri husomwa kimya. Katika rakaa zile nne hakukuwa na aya niliyoisikia mimi asiyoisikia yeye, na niliirefusha kuliko kawaida yangu.

Kisha tulikaa kumsubiri mwenye gari, na akachelewa, na magharibi ikaingia. Adhana ilitoka msikiti wa karibu. Nilimgusa mkono ili ajue. Tukasimama tena. Magharibi husomwa kwa sauti, na sheria ni sheria, nikasoma kwa sauti. Kwa pembe ya jicho nilimwona amenyoosha shingo kidogo upande wangu, kama alivyokuwa akifanya utotoni alipotaka kushika matamshi. Nilichagua sura fupi.